Ajali Haina Kinga? Wazazi wa Uholanzi na Njia za Watoto Wao

Ajali haina kinga wala kafara. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni, barazani na misikitini, na sikupata kuupima hata siku moja mpaka siku ya maziko ya mtoto wa jirani yetu. Alikuwa darasa la tatu. Aligongwa na gari mchana, anatoka skuli, akivuka barabara ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa ya vumbi na mashimo, kisha ikatiwa lami na sote tukaishangilia. Makaburini mzee mmoja alinishika bega akanambia maneno hayo, nami nikaitikia kama inavyopasa. Usiku ndipo yaliponikalia vibaya. Katika wiki mbili zilizopita niliwahi kusema, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, kwamba pale penye skuli patakuja kufa mtoto. Jambo ambalo mtu wa kawaida, asiyejua utabiri wala nyota, ameliona likija, vipi liitwe halina kinga?

Neno lenyewe lina historia yake. Katika Kiarabu, ajali ni muda uliowekwa, na katika tungo zetu za kale ajali ya mtu mara nyingi ni siku yake ya kufa, iliyoandikwa na isiyosogezwa mbele wala nyuma. Baadaye, zilipokuja gari moshi, motokaa na mashine, neno lile lile likachukuliwa kutaja magari yanapogongana na watu wanapokanyagwa. Sina ugomvi na maana ya kwanza. Huo ni mlango wa imani, na mwenye kuulizwa si mimi. Ninachosema ni kwamba maana ya kwanza imeipa ya pili kivuli chake. Tunapoandika katika gazeti kuwa mtoto amekufa kwa ajali, tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: hapana mwenye gari, hapana mhandisi, hapana aliyekiacha kivuko bila ya kukichora. Iko ajali tu. Na mafunzo ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali, ambayo kila mtoto wa chuoni anayajua, tunayaacha pale pale makaburini.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nitafute habari za watu waliowahi kushindana na neno kabla ya kushindana na gari, nikazikuta Uholanzi.

Msafiri anayefika Amsterdam leo akaona bahari ya baiskeli, watoto wa miaka minane wakienda skuli peke yao, na gari zikisubiri, hudhani Waholanzi waliumbwa hivyo, kama sisi tunavyodhaniwa kuwa tumeumbwa na subira. Si kweli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi ile ilitajirika upesi, na utajiri ulikwenda kwenye magurudumu manne. Mwaka 1960 zilikuwako motokaa takriban nusu milioni. Miaka kumi baadaye zilikuwa zaidi ya milioni mbili, katika nchi ndogo yenye watu milioni 13. Viwanja vya miji vikawa maegesho. Nyumba zilibomolewa kupisha barabara. Mwaka 1967 mtaalamu mmoja kutoka Marekani, David Jokinen, alipendekeza barabara pana zipenye mpaka katika moyo wa Amsterdam, mfereji mmoja mashuhuri ufukiwe, na sehemu ya mtaa wa wafanyakazi uitwao De Pijp ivunjwe. Mpango huo haukutekelezwa, lakini haukuonekana wazimu. Ulionekana maendeleo, na waliocheka walikuwa wachache, wengi wao vijana wa kundi la Provo waliokuwa wamependekeza mwaka 1965 mji uwe na baiskeli nyeupe za kutumiwa na kila mtu bure. Watu wazima wenye suti waliwaona watundu.

Hesabu ya maendeleo hayo ilifikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara za Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Ni sawa na kusema kwamba kila siku ya mwaka, ikiwemo sikukuu, mtoto mmoja alizikwa, na siku nyingine wawili.

Miongoni mwa watoto hao alikuwa binti mdogo wa mwandishi wa magazeti, Vic Langenhoff. Alikufa njiani mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka sita. Baba yake alikuwa akiandikia gazeti la Kikatoliki lililoitwa De Tijd, na mnamo Septemba 1972, karibu mwaka mzima baada ya maziko, alichapisha humo makala aliyoiita Stop de Kindermoord, yaani, komesheni mauaji ya watoto. Aliwataka wazazi wa nchi ile waungane kuwa kundi moja la kuibana serikali, kwa kuwa, kwa mtazamo wake, hapakuwa na mwingine atakayewasemea watoto.

Nimelirudia jina hilo mara nyingi, na wasomaji wa ukumbi huu, ambao wamezoea kupima maneno, wataona kwa nini. Kwa Kiholanzi gari ikigonga mtu huitwa ongeluk. Geluk ni bahati, na pia ni furaha. Kiambishi cha mwanzo kinakanusha. Kwa hiyo Mholanzi naye alikuwa na ajali yake: ukosefu wa bahati, jambo ambalo hakuna wa kuulizwa. Langenhoff aliliweka neno hilo kando akachukua jingine, moord, mauaji. Wala si mauaji yoyote. Kindermoord ni neno ambalo kila Mkristo wa Kiholanzi alilisikia tangu utotoni katika kisa cha Herode, mfalme aliyeamuru watoto wachanga wa Bethlehemu wauawe. Kwa neno moja, bila ya kumtukana mtu, aliisogeza habari kutoka ukurasa wa misiba ya kila siku akaiweka mahali ambapo watoto wanakufa kwa sababu yuko mwenye mamlaka aliyeridhia. Walikuwako waliosema kuwa jina hilo ni kali mno, na si vigumu kuwaelewa: dereva aliyemgonga mtoto bila kukusudia si askari wa Herode. Lakini mshale haukulengwa kwa dereva. Ulilengwa kwa mipango iliyomweka dereva na mtoto katika njia moja, mmoja akiwa na mbio za farasi mia na mwenziwe akiwa na mkoba wa madaftari.

Kundi lilipatikana. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Maartje van Putten, mama kijana wa Amsterdam, ambaye baadaye, tangu mwaka 1989, alikuwa mbunge katika Bunge la Ulaya. Yeye na wenzake hawakuwa wahandisi wala mawakili. Walikuwa na watoto, nao wakawageuza watoto kuwa hoja. Walifunga mitaa wakatandika meza katikati ya njia, wakala chakula cha jioni hapo na majirani zao. Walikwenda mahali palipomwagika damu wakapakalia. Walifanya maandamano ya baiskeli. Walimwendea Waziri Mkuu, Joop den Uyl, nyumbani kwake, wakamwimbia nyimbo za kuomba njia salama kwa watoto. Ndani hawakukaribishwa, ila mwenyewe alitoka akasimama akawasikiliza. Mpenzi wa utenzi asipite hapa haraka: ombi lilikwenda kwa wimbo mpaka mlangoni mwa mwenye dola, na mwenye dola akaona haya kukaa ndani. Nasi mwambao tunaijua sana nguvu hiyo. Mashairi yetu yamewahi kusimamisha vita na kuvianzisha.

Siri nyingine ya kundi hilo ilikuwa kwamba halikuwapiga vita askari polisi. Liliwaendea kama watu wanaoziokota maiti, na kwa hiyo wanaojua kuliko wengine. Wala halikuikataa serikali. Baadaye lilipokea hata ruzuku yake. Wako wanaoona huko ni kulainika. Mimi naona ni busara ya mtu anayetaka tuta na si anayetaka sifa.

Na watoto wenyewe? Mwaka 1972 televisheni ya Uholanzi ilionyesha filamu juu ya watoto wa De Pijp, ule mtaa uliotaka kuvunjwa. Nyumba zake ni ndogo, hazina nyua, na njia zake wakati huo zilijaa gari zilizoegeshwa pande zote mbili, hata mpira haukuwa na pa kudundia. Watoto walikwenda nyumba kwa nyumba kukusanya saini, wakaziba mtaa wao kwa vizuizi ili wacheze. Akatokea mtu mzima mwenye gari, akakasirika, akataka kuviondoa vizuizi, na mzozo ukazuka hadharani mbele ya kamera. Ukiitazama sura ya yule bwana utamtambua. Ni sisi, tukiwa tumechelewa kazini.

Hapo tena yakaja mambo ambayo wazazi hawakuyapanga. Katika vita vya Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizokuwa zikiuza mafuta ziliinyima Uholanzi pamoja na Marekani, kwa kuiunga mkono Israeli. Serikali ikaamuru kuwa Jumapili gari za binafsi zisitembee. Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Novemba 1973, na amri ikaendelea hadi Januari 1974. Watu walitoka na viatu vya magurudumu, na farasi, na watoto mabegani, wakatembea katikati ya barabara kuu. Maneno elfu ya wanaharakati hayakuweza kufanya lile lililofanywa na ukimya wa siku ile: mtu aliusikia mji wake. Hapa kwetu ukimya wa namna hiyo tunaupata asubuhi ya Idi, nusu saa tu, kabla ya vespa ya kwanza.

Katika mji mdogo wa Delft mhandisi wa manispaa, Joost Váhl, alikuwa ameanza mapema, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kuijaribu njia kama mtu anavyojaribu pishi. Alipinda mstari uliokuwa umenyooka, akainua tuta hapa, akapanda mti pale, akafuta ngazi iliyotenga njia ya miguu na ya gari, mpaka dereva akawa hana budi kwenda pole pole, si kwa kuogopa askari bali kwa kuwa njia yenyewe haikumruhusu kukimbia. Mtaa wa namna hiyo uliitwa woonerf. Woon ni kuishi, erf ni uwanja wa nyumba: uwanja wa kuishi. Mwaka 1976 sheria ya nchi iliutambua. Ndani yake mwenda kwa miguu ana haki ya upana wote wa njia, watoto wana ruhusa ya kucheza humo, na gari zilitakiwa ziende kwa mwendo wa hatua za mtu. Alama yake ni kibao cha buluu chenye nyumba, mtu na mtoto mwenye mpira, na tangu hapo kimezagaa nchi nyingi za Ulaya.

Nilipoisoma sheria hiyo nilicheka peke yangu. Wazee wetu walikuwa nayo bila ya kibao. Nenda Kiponda au Shangani, au panda jahazi uende Lamu. Ujia wa mji wa Kiswahili haukuachwa mwembamba kwa ujinga. Nyumba mbili huunganishwa juu na wikio, chini yake kuna kivuli. Kando kuna baraza, na kwenye baraza kuna mzee anayeona kila apitaye. Mpita njia na mkaazi wanagawana mahali pamoja. Na mwenye mzigo, awe hamali, mchukuzi wa maji au mwenye punda, anapotaka kupita husema: Simile! Neno hilo wataalamu hulirejesha kwenye Bismillahi. Sikiliza lilivyo: mzito ndiye aombaye njia kwa mwepesi, tena kwa jina la Mwenyezi Mungu. Honi ni kinyume chake kabisa. Honi haiombi; huamuru, na aliye mwepesi ndiye arukaye mtaroni. Kati ya simile na honi kuna mageuzi makubwa ya adabu, na sijui kama tuliwahi kukaa tukayakubali, au yalitupitia tu.

Nisiitukuze mno miji yetu. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ule wa Lamu mwaka 2001, na hadhi hiyo haikuzuia pikipiki. Lamu, kisiwa ambacho kwa miaka mingi kilisifika kwa punda wake na kwa gari zake za kuhesabika kwa vidole, sasa wakaazi hulalamikia bodaboda, na amri za kuziweka nje ya mji wa kale zimetolewa. Vilevile walio wengi hawaishi katika vichochoro vya kale. Wanaishi Ng'ambo na mashamba, kando ya barabara pana zilizonyooka, ambako hakuna wikio wala baraza, na ambako mtoto huvuka mara nne kwa siku: skuli asubuhi na mchana, chuoni jioni na magharibi.

Nirudi Uholanzi. Haikuwa shangwe tupu. Huko The Hague wenye maduka walipinga vikali njia maalumu ya baiskeli iliyojengwa kwa majaribio katika miaka ya 1970, wakihofia kupoteza wateja. Wala haki haimruhusu mwandishi kusema kuwa wazazi peke yao ndio waliopunguza vifo. Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1974 na 1976, serikali iliweka kiwango cha ulevi kwa dereva, ikalazimisha mikanda ya viti vya mbele na kofia kwa waendeshao pikipiki ndogo. Hospitali nazo zilizidi ujuzi. Baadaye mahakama zilikaza sheria ya fidia hata ikawa mtoto aliye chini ya miaka 14 akigongwa na gari, dereva na bima yake hulipa yote, hata kama mtoto alitokea ghafla, isipokuwa akiwa amekusudia. Hoja ya sheria ni nyepesi: mtoto ni mtoto, na aliyeleta chuma njiani ndiye mwenye kutazamia utoto wake. Hapo sheria imefanya kile alichokifanya Langenhoff kwa neno.

Kwa jumla ya hayo yote, watoto waliokufa barabarani nchini humo mwaka 2010 walikuwa 14. Kutoka zaidi ya 400. Tangu hapo mambo hayakuendelea kushuka vizuri. Mwaka 2022 waliokufa wa rika zote walikuwa zaidi ya 700, miongoni mwao wazee wengi juu ya baiskeli, na Waholanzi wenyewe wana mjadala mpya. Kundi la wazazi lilibadili jina, kisha likaungana na jumuiya nyingine za usalama wa njiani.

Huku kwetu hesabu zinakwenda upande mwingine. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba hakuna kinachoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Bara la Afrika, lenye gari chache kuliko mengine, ndilo lenye kiwango kikubwa cha vifo kwa idadi ya watu. Kenya imepoteza zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na waendao kwa miguu ndio wengi kuliko kundi jingine lolote.

Hata hivyo mfano wa karibu upo. Dar es Salaam, shirika liitwalo Amend liliendesha mradi wa kuzizunguka skuli za msingi zilizo hatarini kwa vitu visivyo na ajabu: njia ya miguu, matuta, nguzo za kuzuia gari, alama, na pengine lango la skuli kuhamishwa likaelekea upande usio na barabara kuu. Kazi hiyo ilipata mwaka 2019 tuzo kubwa ya kimataifa ya miji, ikishindana na miradi ya fedha nyingi sana. Lango kuhamishwa! Ni jambo ambalo mwalimu mkuu na fundi mwashi wanaweza kulimaliza katika likizo moja.

Sasa ya kwetu. Wiki ya pili baada ya maziko, vijana wa mtaa walilaza magogo mawili ya minazi barabarani mbele ya skuli. Gari zikapunguza mwendo kwa siku tatu. Siku ya nne magogo yakaondolewa na watu wa ofisi inayohusika, kwa sababu hayakuwa na kibali, na kwa kweli usiku yangeweza kumwangusha mwenye vespa. Tukaandika barua. Tulikuwa watu saba, nami ndiye niliyeshika kalamu kwa kuwa nahesabiwa mtu wa maneno. Jibu lilikuja kwa mdomo: wametupa pole kwa ajali, na bajeti ikiruhusu watatazama.

Niliichukua nakala nikaisoma kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu aliyenifundisha kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, umeandika ajali mara ngapi humu?" Nikahesabu: mara tisa. Akasema, "Basi wamekujibu ulichowaandikia."

Barua ya pili haina neno hilo. Inataja saa, upana wa barabara tulioupima kwa kamba, idadi ya watoto tuliowahesabu wakivuka kwa wiki moja, na umbali kutoka kona hadi lango, ambao dereva anayekuja mbio hauwezi kumtosha kusimama. Inaomba matuta mawili, kivuko kilichochorwa, na lango lihamishwe upande wa mnazi. Imetiwa saini na wazazi, na imamu, na madereva watano wa daladala wa njia hiyo hiyo. Tumeipeleka kwa mkono, tukagongewa muhuri. Mpaka lijibiwe, mwalimu yule mstaafu hutoka kila mchana na mwamvuli wake mweusi, akasimama ukingoni mwa lami, akaunyoosha mbele ya gari, na watoto wakavuka.